Ramani za kielektroniki melini: Mtumba watupe ratiba kabla ya amri

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Dodoma. Najua wapo watakaocheka kuona barua ya mambo ya meli inatokea Nkuhungu, maana huku kwetu maji mengi tuliyonayo ni bwawa la Hombolo, lakini jamani tukumbuke sheria za meli kwa upande wa Bara hazitungwi Kigamboni, zinatungwa hapahapa, Bunge liko hapa na Wizara ya Uchukuzi iko Mtumba, na mi mwenyewe kabla sijahamia huku nilikuwa ofisa wa zamu kwenye meli za mizigo zinazokwenda nje, kwahiyo naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme kitu ambacho naona watu wanakizungumza kwa kukisia.

Kitu chenyewe ni hizi ramani za bahari za kielektroniki, ule mfumo mabaharia wanauita ECDIS. Kwa asiyejua, zamani brijini, yaani chumba cha kuongozea meli, kulikuwa na meza kubwa na juu yake karatasi ya ramani, penseli, rula na bikari, unapiga mstari wa safari yako na kila baada ya muda unaweka alama meli ilipo. Sasa hivi kwenye meli kubwa ile meza imebaki ya kuwekea kikombe cha chai, ramani ipo kwenye skrini, meli inaonekana inatembea yenyewe kwa jipiesi, rada unaweza kuilaza juu yake, na ukikaribia maji mafupi mashine inapiga kelele. Ni kitu kizuri sana na sitaki mtu aseme napinga teknolojia.

Ila kuna wazee wangu hapa Dodoma, wamestaafu serikalini, wameunganisha viinua mgongo wanataka wanunue meli ndogo ya mizigo, hizi tunaita koasta, ipige Dar, Mtwara na Komoro. Wakaniita Chako ni Chako, kuku yuko mezani, mmoja wao akanipa simu nisome proforma, yaani makadirio ya bei, aliyotumiwa na dalali kwenye WhatsApp, ECDIS mbili, kufunga, ramani, mafunzo ya siku mbili, jumla ni maelfu ya dola. "Kijana wangu, huyu bwana anasema IMO, wale wa Umoja wa Mataifa wa mambo ya meli, washapitisha ni lazima, tusipofunga meli itazuiwa bandari ya kwanza tu." Nikamuuliza, mzee wangu, hiyo meli ina tani ngapi? Akasema GT, yaani kile kipimo cha ukubwa wa meli, elfu moja na mia nane, imeshatumika miaka kadhaa. Nikamwambia shikamoo tena mzee, hapo hakuna sheria ya kimataifa inayokudai ECDIS, huyo dalali anataka kula hela ya kiinua mgongo.

Nieleze vizuri hapa maana najua hawako peke yao. Sharti la ECDIS liko kwenye mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, sura ya 5, kanuni ya 19, mabadiliko yalipitishwa IMO mwaka 2009 na hayakuanza siku moja kwa kila mtu. Walianza tarehe 1 Julai 2012 na meli mpya za abiria kuanzia GT 500 na meli mpya za mafuta kuanzia GT 3,000, 2013 zikafuata meli mpya kubwa za mizigo za GT 10,000 na kuendelea, 2014 meli mpya za mizigo kuanzia GT 3,000 pamoja na za abiria zilizokuwepo tayari, 2015 tanka za zamani, halafu meli za zamani za mizigo zikaingia kwa mafungu kuanzia zile kubwa kabisa za GT 50,000 mwaka 2016 mpaka za GT 10,000 mwaka 2018. Na yote hiyo ni kwa meli zinazofanya safari za kimataifa. Meli ya zamani ya mizigo chini ya GT 10,000 haimo kabisa, na boti inayotoka Dar kwenda Unguja haiendi nchi nyingine kwahiyo nayo haimo. Kinachodaiwa kwa kila meli, hata ndogo, ni kuwa na ramani za eneo inalopita na ziwe zimerekebishwa mpaka sasa, za karatasi zinakubalika.

Sasa usiseme basi kumbe hakuna haja, tulale. Hapo ndo penye ishu yenyewe. Ramani za karatasi ambazo meli nyingi zinatumia kwenye pwani yetu ni za Waingereza, zile za Admiralty, na wenyewe walitangaza mwaka 2022 kwamba wataacha kuzitoa mwishoni mwa 2026, dunia ikapiga kelele hasa wenye vyombo vidogo, wakasogeza mbele mpaka angalau 2030. Sasa piga hesabu. Mtu anayenunua meli leo anatarajia aitumie miaka kumi, kumi na tano, na katikati ya hiyo miaka karatasi itakuwa ngumu kupatikana, hata kama hakuna askari wa SOLAS anayemdai skrini atajikuta hana namna. Afu mashine zenyewe zinabadilika, kuna kizazi kipya cha ECDIS cha viwango vinavyoitwa S-100, kimeruhusiwa kutumika kuanzia Januari 2026 na kuanzia Januari 2029 kila ECDIS mpya itakayofungwa itabidi iwe ya hicho kizazi. Kwahiyo anayekimbilia leo kununua mtumba wa ECDIS uliotolewa kwenye meli iliyokwenda kukatwa vyuma India, kwasababu ni bei poa, anajinunulia tatizo.

Kwahiyo tujiandae, nakubali. Ugomvi wangu ni maana ya kujiandaa. Nikiongea na watu wa makampuni, kujiandaa kwao ni kununua mashine. Bosi akishalipia na fundi akishafunga na cheti kikibandikwa ukutani brijini, ofisi inahesabu kazi imekwisha, na nahodha anaachiwa kitabu cha maelekezo kurasa mia nne kwa Kiingereza cha Kijapani. Wabongo hii filamu tumeshaiona kwenye mashine za EFD, mashine zilitangulia, amri ikatangulia, elimu ikaja inachechemea nyuma, maduka yakafungwa kwa migomo, na mpaka leo kuna mwenye duka hapa Majengo mashine anayo ila ukidai risiti anakwambia mtandao unasumbua. Tofauti ni kwamba EFD ikikosewa TRA wanakosa kodi, hii ikikosewa meli inapanda mwamba na watu ndani.

Nitoe mfano mmoja ambao uko kwenye rekodi, taarifa yake ilitolewa na wachunguzi wa ajali za meli wa Uingereza, MAIB. Septemba 18, 2013 tanka inaitwa Ovit, bendera ya Malta, ilikuwa inatoka Rotterdam kwenda Brindisi Italia na shehena ya mafuta ya kula. Ilikuwa na ECDIS mbili, hakuna karatasi. Maofisa wote walikuwa na cheti na mafunzo ya mashine ileile walishapewa. Kijana mdogo kuliko wote brijini ndo alipewa achore njia, akachora mstari ukapita juu kabisa ya fungu la mchanga la Varne pale mlango wa Dover, sehemu ambayo kila baharia wa Ulaya anaijua, nahodha hakuikagua njia, kina cha usalama kilikuwa kimewekwa namba isiyohusiana na meli ile, na sauti ya alamu ilikuwa haifanyi kazi na hakuna aliyeshtuka kwamba haisikiki. Usiku huo meli ikapanda fungu. Ofisa wa zamu alikaa dakika 19 hajui kama amekwama. Dakika 19 Mhariri, meli imesimama kwenye mchanga, yeye anaangalia skrini. Bahati nzuri maji yalijaa ikanyanyuka, hakuna aliyeumia wala mafuta kumwagika.

Ukiisoma hiyo taarifa unaona ukiacha ile sauti ya alamu, tatizo halikuwa mashine. Mistari ilikuwepo, fungu lilikuwepo kwenye ramani, onyo lingekuwepo. Kilichokosekana ni watu wanaoijua na kampuni inayofuatilia.

Na wala usifikiri kuijua ni kubonyeza bonyeza. Ngoja niwaoneshe kitu kimoja tu kwa karibu, kile kina cha usalama, maana ndo roho ya mashine yenyewe. Tuseme koasta yetu ina drafti mita 6, yaani inazama mita 6 majini. Unaongeza kile kinachopungua meli ikiwa inakimbia kwenye maji mafupi, maana meli ikikimbia inakaa chini zaidi, unaongeza na akiba ambayo kampuni imeamua iwepo chini ya meli, tuseme jumla inakuja mita 8. Unaiambia mashine 8. Sasa ramani ya hilo eneo ina mistari ya kina ya mita 5, 10 na 20, haina ya 8, mashine haiwezi kubuni mstari, itachukua ulio na kina zaidi unaofuata, yaani 10, na kila kilicho chini ya 10 itakupaka rangi ya hatari. Kumbe kwenye milango myembamba ya vibandari vyetu vidogo, sehemu kubwa unayopita kihalali itakuwa imepakwa rangi ya hatari, alamu inalia mwanzo mwisho. Ofisa anafanya nini? Anazima sauti. Na hapo ndo Ovit inapozaliwa. Wachunguzi wa Uingereza na Denmark walifanya utafiti wa pamoja kwenye meli zinazotumia hizi mashine, wakautoa 2021, na hilo la alamu kuonekana ni kero kuliko msaada ni moja ya mambo waliyoyakuta.

Na kuna jingine linalohusu pwani yetu hasa. Vina vilivyoandikwa kwenye ramani ni vya maji yakiwa yamekupwa sana, na pwani yetu siku za bamvua maji yanapanda na kushuka kama mita tatu mpaka nne, nahodha wa jahazi hapo Kunduchi analijua hilo bila kusoma popote, anajua saa ngapi anapita juu ya Fungu Yasini na saa ngapi anaizunguka. Mashine haitakwambia hivyo yenyewe, wewe ndo unatakiwa ujue majira ya maji uyaunganishe na inachoonesha. Kijana aliyefundishwa kwenye skrini tu bila kufundishwa kupwa na kujaa atakuwa hatari kuliko mzee asiyejua kuwasha kompyuta. Hili nalisema kwa nguvu zote na anayebisha aje Nkuhungu tubishane.

Afu kuna ramani yenyewe imepimwa lini. Watu wanadhani kitu kikiwa kwenye skrini na rangi nzuri basi ni kipya. Hapana. Ramani ya kielektroniki inaweza kuwa imechorwa juzi kwa kutumia vipimo vya timazi iliyotupwa majini zama za mkoloni. Ukijua pa kubonyeza, mashine inakuonesha daraja la ubora wa upimaji wa kila eneo, kuna kwenye nyota nyingi na kuna ambako hawajui kabisa. Mwaka 2013 meli ya jeshi la wanamaji la Marekani, USS Guardian, ilipanda mwamba wa Tubbataha huko Ufilipino, na ramani yao ya kidijitali ilikuwa imeuweka huo mwamba karibu maili 8 mbali na ulipo. Meli ya mabilioni ikakatwakatwa vipande palepale ikaondolewa. Kama Mmarekani amepatikana, sisi na fungu zetu za Mafia na Kilwa tuwe wapole. Ndo maana macho, rada na kupima mwelekeo wa mnara bado ni kazi, hata ukiwa na skrini tatu. Na siku hizi jipiesi inachezewa, meli zinazopita Bahari ya Shamu zinajiona ziko mahali ambapo hazipo, ofisa asiyezoea kuhakiki kwa njia nyingine anafuata picha ya uongo.

Nirudi kwa makampuni. Kazi kubwa ya maandalizi iko ofisini, na hapa ndo wenye meli hawapendi kusikia. Zamani marekebisho ya ramani yalikuwa yanakuja kila wiki kwenye kitabu, sekondi ofisa anakaa na kalamu ya zambarau anahamisha boya moja, anafuta taa, anaandika namba ya rekebisho pale kona ya chini kushoto, ni kazi ya kuchosha lakini hakuna mhasibu aliyehusika. Sasa ramani rasmi zinalipiwa kwa vibali, kibali kina tarehe ya mwisho, usipolipa ramani inakwambia imeisha muda au eneo jipya halifunguki. Yaani mhasibu aliyeko ghorofani akichelewesha malipo kwasababu wiki hiyo kampuni inasubiri hela ya mzigo, amegusa usalama wa meli iliyoko Msumbiji na hata hajui. Niliwahi kufanya kazi kwenye meli ambayo siitaji, kibali cha eneo tunalokwenda kiliisha tukiwa njiani, ofisi inatujibu "endeleeni, tunashughulikia". Tunaendeleaje? Nahodha wetu, Mungu ampe afya, aligoma, tukatia nanga mpaka kikaja. Ni wangapi wangegoma na bosi yuko kwenye simu?

Na marekebisho yenyewe yanaingiaje kwenye mashine? Meli nyingi zinatumia flashi. Flashi ileile iliyotoka kubebea muvi na nyimbo kwenye kebini ya mtu, inachomekwa kwenye mashine inayoongoza meli. Virusi haichagui. IMO walishataka tangu Januari 2021 kampuni ziweke hatari za kimtandao kwenye mfumo wao wa usalama, kwa meli zinazohusika na ile kanuni ya usimamizi wa usalama, ISM, lakini kwa wamiliki wetu wadogo hili hata halijaingia kwenye mazungumzo. Dawa yake wala si ya gharama, nunua flashi mbili za rangi yake, fungia kwenye droo ya nahodha, kompyuta moja ya kupakulia marekebisho isiyotumika na mtu kuangalia mpira. Basi.

Mafunzo. Kozi ya jumla ya ECDIS kwa mwongozo wa IMO ni kama saa 40, hiyo ni ya kukufundisha mfumo ni nini. Baada ya hapo unatakiwa uijue mashine ya kwenye meli yako, maana kila kiwanda kina menyu zake, kitu ambacho kwenye mashine hii kiko mbele kwenye ile kimefichwa ndani chini ya vitufe vitatu. Ndo maana kampuni yenye meli nne ikinunua mashine nne za viwanda vinne kwasababu kila moja ilikuwa na ofa, imejitengenezea mzigo, kila ofisa akihama meli anaanza upya. Bora ununue ya bei kidogo lakini aina moja kote. Hili dalali hatakwambia. Na yale mafunzo ya siku mbili kwenye proforma ya wazee wangu ni fundi anayefunga waya anakuonesha pa kuwashia.

Chuo tunacho, DMI pale Dar, kinafundisha haya mambo, na vijana wetu wakipata nafasi wanayaweza kabisa. Shida ni kwamba kwa mwajiri mdogo kumtoa nahodha kwenye meli wiki nzima anaona ni hasara, hana wa kumbadilisha, na nahodha mwenyewe akienda kwa hela yake halipwi siku hizo. Matokeo yake wanaokwenda ni vijana wanaotafuta kazi za nje, ambao wakishapata cheti hawarudi kwenye koasta za Mtwara, nani awalaumu. Wanaobaki ni wazee wenye uzoefu wa pwani ambao hawajawahi kugusa hiyo mashine. Mi naona serikali ikitaka kusaidia isisamehe ushuru wa mashine kwanza, isaidie ada ya hao wazee na iruhusu kozi ifundishwe kwa Kiswahili kwa wanaofanya kazi za ndani ya nchi. Hivi kuna ubaya gani nahodha wa Kipumbwi akifundishwa kina cha usalama kwa lugha anayoiota?

Sasa naomba niseme na Mtumba moja kwa moja. Waheshimiwa, siku mtakapoona imefika wakati wa kutoa sharti kwa meli na boti za ndani, na naamini siku hiyo inakuja, msitoe tangazo Ijumaa linaloanza Jumatatu. IMO wenyewe na ukubwa wao walipitisha 2009, wakaanza 2012, wakamaliza 2018. Waliwapa watu ratiba kwa aina na ukubwa wa meli, kila mtu akajua zamu yake. Nasi tupewe ratiba ya namna hiyo kupitia TASAC, wasimamizi wa vyombo vya majini kwa upande wa Bara, na Zanzibar kupitia ZMA, mamlaka yao ya usafiri wa baharini, kwasababu boti zilezile zinagusa pande zote mbili na itakuwa kichekesho abiria akitoka Dar na kanuni moja akifika Malindi ya Unguja anakuta nyingine. Ianze na boti kubwa za abiria. Na kwenye ratiba hiyo tarehe ya kwanza iwe ya watu kuwa na mafunzo, tarehe ya mashine ije baadaye, angalau mwaka mmoja. Najua kikawaida inafanywa kinyume, kwasababu mashine inapigwa picha kwenye uzinduzi na utepe unakatwa, darasa halina utepe.

Kwenye maziwa ndo tusiharakishe kabisa. Kwanza ziwa lipimwe upya, mawe na mafungu ya Victoria na Tanganyika yajulikane yalipo kwa vipimo vya leo, ramani rasmi ya kielektroniki itoke, ndo tuzungumze habari ya kumlazimisha mtu kufunga mashine. Kule wavuvi na manahodha wengi siku hizi wanatumia programu za ramani kwenye simu, zinasaidia kiasi chake, lakini siyo ramani rasmi na mtu asiziite ECDIS.

Na nisije kueleweka vibaya. MV Bukoba 1996, Spice Islander 2011, Skagit 2012, MV Nyerere 2018, hakuna hata moja ambayo skrini ya ramani ingeiokoa. Nyingi ya hizo zilibeba kupita uwezo wake, na anayekuja kutuambia ECDIS itamaliza ajali za majini Tanzania anatuuzia kitu. Kuhesabu abiria getini bado ndo kazi namba moja. Ninachosema ni kwamba hili nalo lipo, lina tarehe zake zinazokuja, na tukilikurupukia tutatumia hela ambayo ingenunua maboya ya kujiokolea.

Kuna na heshima ya bendera. Meli zenye bendera yetu zimekaa kwenye orodha nyeusi ya ukaguzi wa bandari za Ulaya, ile Paris MoU, miaka mingi, na Januari 2018 Rais Magufuli alifikia kuagiza usajili wa meli za nje usitishwe baada ya meli zilizobeba bendera yetu kukamatwa na madude ya ajabu. Wakaguzi wa Ulaya na Asia mwaka 2017 walifanya kampeni maalumu ya kukagua mambo ya uongozaji meli pamoja na ECDIS, wanaingia brijini wanamwambia ofisa nioneshe umewekaje kina cha usalama, nioneshe hii njia umeikagua vipi. Hawaulizi risiti ya mashine. Ofisa akianza kuhangaika na menyu wameshamjua.

Kwa wazee wangu wa Chako ni Chako nimewashauri hivi na nauweka hapa kwasababu wapo wengine wanaouziwa mbuzi kwenye gunia. Hiyo hela ya proforma waigawe. Sehemu wanunue seti kamili ya ramani za karatasi za njia yao na walipie marekebisho, maana hilo ndo wanalodaiwa leo. Sehemu wampeleke nahodha wao na msaidizi wake kozi wangali hawana haraka. Iliyobaki waiweke mpaka 2028 au 2029 wanunue mashine ya kizazi kipya, mbili za aina moja zenye umeme wake wa dharura, wakiwa na watu wanaoijua tayari. Wamekubali isipokuwa mmoja, anasema dalali kamwambia bei inapanda mwezi ujao.

Ombi langu la mwisho kwako Mhariri ni mwandishi wako mmoja aende Mtumba na mwingine TASAC, awaulize kwa maandishi: je, kuna ratiba yoyote inayoandaliwa ya ramani za kielektroniki kwa meli za ndani, inaanzia ukubwa gani, na nani atalipia mafunzo ya manahodha walioko kazini sasa? Majibu uyachape hapahapa, wenye vyombo wanasoma.

Ni mimi msomaji wako,
Baharia aliyetia nanga Nkuhungu,
Dodoma.